Tathmini ya Maabara: Majaribio ya Kuchenjua Urani na Madini Adimu kutoka Mawe ya Mchanga

Kwa muda mrefu nilitafuta maabara ambayo haitaishia kuniambia jiwe lina urani kiasi gani, bali itanionyesha pia ni kiasi gani kinatoka na kwa gharama ya tindikali kiasi gani. Hatimaye nilipeleka sampuli 8 za mawe ya mchanga ya Karoo (tabaka za kale za miamba) kutoka kusini mwa Tanzania, katika ukanda uleule wenye mradi wa urani wa Mto Mkuju wilayani Namtumbo, kwenye maabara binafsi ambayo sitaitaja jina.

Huduma ilianza vizuri tangu mapokezi. Nilikuwa na vipimo nilivyochukua porini kwa kipima mionzi cha mkononi, na nilivitegemea kupita kiasi. Mtaalamu aliyepokea sampuli alinieleza bila haraka kwamba kifaa kile hakipimi urani yenyewe, bali miale ya gama inayotolewa na bismathi 214, ambayo ni mmoja wa wajukuu wa urani, yaani elementi zinazozaliwa urani inapooza kwa kutoa mionzi. Katika mawe ya mchanga, maji ya ardhini huweza kuihamisha urani na kuiacha radiamu, inayozaa bismathi hiyo, mahali pake, hivyo jiwe likasomeka kuwa tajiri kuliko lilivyo. Majibu ya kikemia yalipotoka, sampuli mbili zilizochukuliwa karibu na uso wa ardhi zilithibitisha maneno yake.

Jaribio la uchenjuaji ndilo lililonivutia zaidi. Mbale (jiwe lenye madini) ilisagwa, ikachanganywa na maji na tindikali ya salfa hadi pH (kipimo cha ukali wa tindikali) ikawa kati ya 1.5 na 2, kisha ikaongezwa dioksidi ya manganizi. Kioksidishaji hicho, yaani kitu kinachoondoa elektroni, ni cha lazima, kwa sababu urani iliyomo katika uraninaiti na kofinaiti (madini yanayobeba urani) iko katika hali ya valensi 4, yaani imepoteza elektroni 4, ambayo haiyeyuki kwa urahisi mpaka ifikishwe valensi 6. Manganizi huifanya feri (chuma) iliyomo kwenye mchanganyiko kuwa ya valensi 3, na feri hiyo ndiyo inayoishambulia urani. Sampuli moja ilikuwa na kalisaiti (madini ya chokaa) nyingi, nayo ikawa inameza tindikali bila kikomo. Hapo walisimamisha kazi, wakanipigia simu na kupendekeza iyeyushwe kwa kabonati na bikabonati ya sodiamu badala ya tindikali. Ningeweza kulipia jaribio lisilo na faida yoyote kwangu, na kwa uaminifu huo nawashukuru sana.

Baada ya kuchujwa, maji ya tindikali yalipitishwa kwenye resini ya kubadilishana ayoni hasi, yaani chembechembe za plastiki zinazonasa vitu vyenye chaji hasi ya umeme. Urani iliyoungana na salfeti huwa na chaji hasi, kwa hiyo hunaswa na resini. Madini adimu, kama seriamu, lanthani na neodimu, hubaki zaidi na chaji chanya na kupita na maji. Maabara ilipima pande zote mbili, ikanionyesha kwamba maji ambayo wachenjuaji wengi wangeyahesabu kuwa taka bado yanastahili kuangaliwa. Sijawahi kupokea ripoti yenye sehemu iliyoandikwa kwa makini kuliko hiyo.

Kasoro niliyoiona si ndogo. Ili kujua jumla ya madini adimu ndani ya jiwe, sampuli ziliyeyushwa kwa mchanganyiko wa tindikali nne, wakati sehemu ya madini hayo hukaa ndani ya chembe ngumu za zenotaimu, monazaiti na zirkoni ambazo njia hiyo haizimalizi. Kipimo sahihi ni kuyeyusha unga wa jiwe kwa moto mkali pamoja na boreti ya lithi, kisha kuupima. Kwa kuwa jumla ilitoka pungufu, asilimia ya madini yaliyotolewa ilionekana nzuri kuliko ukweli, na mtu asiyejua angeweza kuingiza fedha zake kwenye mradi kwa kutegemea takwimu hiyo. Nilipouliza, walikiri na kukubali kurudia sampuli 3 bila malipo. Lakini njia iliyotumika ilipaswa kuandikwa juu ya jedwali, si kwenye kiambatisho.

Atakayepeleka sampuli za aina hii ahakikishe kwanza ana vibali vinavyohusika, kikiwemo cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na aombe kwa maandishi kipimo cha boreti kwa ajili ya madini adimu. Mimi nawapa nyota 4 kati ya 5, na sampuli zangu zinazofuata nitazipeleka kwao.