Skana Inayosoma Giaboksi: Uzoefu Wangu na Pikapu Kuukuu ya Otomatiki

Pikapu yangu ni ya mwishoni mwa miaka ya 1990, otomatiki ya gia nne inayoongozwa na kompyuta. Ilianza kuchelewa kuingia gia ya tatu. Baadaye ikawa inashuka gia yenyewe katikati ya mwendo, kwa kishindo, na mara nyingine inang'ang'ania gia moja mpaka nizime injini na kuwasha upya. Kila fundi aliyeijaribu alisema giaboksi ishushwe.

Sikuridhika, kwa sababu oili ya giaboksi ilikuwa inasema vingine. Niliipima ikiwa ya moto, injini inanguruma, gari limesimama pahali tambarare: nyekundu, kiasi chake sawa, haina harufu ya kuungua. Klachi za ndani zikiungua, oili huwa ya kahawia iliyokolea na hunuka. Maji ya rejeta yakiingia, hugeuka kama maziwa yenye rangi ya waridi.

Kifaa kidogo cha kusomea misimbo ya hitilafu za injini kilinipa P0700 tu. Msimbo huo hauonyeshi kilichoharibika. Ni kompyuta ya giaboksi inaomba taa ya injini iwashwe kwa kuwa imeona hitilafu. Ndipo nikanunua skana inayoingia hadi kwenye kompyuta ya giaboksi yenyewe.

Ikatoa P0720, saketi ya sensa ya kasi ya shafti ya kutokea, yaani ile inayotoa nguvu kwenye giaboksi kwenda magurudumuni. Wengi wakiona msimbo huu hukimbilia kununua sensa, ilhali saketi ni pamoja na waya na plagi. Na hapa ndipo skana hii ilipoonyesha thamani yake: inachora vipimo gari likiwa linatembea. Mwenzangu alishika skana, mimi nikaendesha. Tulichagua kasi ya shafti ya kuingilia (inayopokea nguvu ya injini), ya kutokea, na gia inayoamriwa na kompyuta. Kwenye lami laini mistari ilikwenda vizuri. Tulipopita kwenye mashimo, mstari wa shafti ya kutokea ulidondoka hadi sifuri huku gari linakwenda, na papo hapo gia ikashuka kwa kishindo. Giaboksi ilikuwa inatii amri mbovu! Kompyuta ilikuwa imepoteza habari za mwendo wa gari.

Chini ya gari, multimita (kipima umeme) ikiwa imeunganishwa, niliutikisa mkungu wa nyaya na kipimo kikaruka. Ganda la waya mmoja lilikuwa limelika kwa kusuguana na kishikizo cha chuma. Tuliunga waya, tukaufunika, tukauhamisha mbali na chuma. Gia zinaingia kwa wakati wake sasa.

Skana ina kasoro. Ukichagua vipimo vingi kwa pamoja inachelewa kusoma, na tatizo la sekunde moja linaweza kukupita. Chagua vitatu au vinne. Maelezo yake ya misimbo ni mafupi mno. Vilevile haikupi presha halisi ya oili ndani ya giaboksi: kama gia zinateleza, yaani injini inapaa lakini gari haliongezi mwendo, utahitaji geji ya presha.

Kwa pikapu ambayo giaboksi yake haina kompyuta, ile ya kebo inayotoka kwenye throto (vali ya hewa ya injini), msinunue skana hii. Huko anzeni na oili na marekebisho ya kebo, kisha geji.