Magurudumu ya mpira ya pipa la taka: nusu ya kelele iliondoka, nusu nyingine ilitaka tyubu ya baiskeli

Pipa letu ni lile la kijani la lita 240, lenye magurudumu mawili nyuma. Kutoka mlango wa jikoni hadi getini ni kama mita 30 za vitofali vya pevingi. Tunakaa Mbezi Beach, familia nne ndani ya ua mmoja, na gari la taka linapita Jumanne kabla hakujapambazuka. Likipita limepita, utakaa na uchafu wako wiki nzima. Kwa hiyo nalivuta pipa gizani, watu wamelala.

Siku moja nikamwamkia bibi wa nyumba ya pili. Akaitika marahaba, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hiyo SGR yako ya alfajiri inaishia Morogoro au inafika Dodoma?" Nilicheka kwa aibu. Treni yenyewe inaenda kwa umeme, wala haina makelele ya pipa langu.

Nilianza kwa ujinga: nikamimina mafuta ya alizeti kwenye ekseli, kile chuma kinachoshika magurudumu yote mawili. Siku mbili kimya. Ya tatu mchanga ulikuwa umeshanata, pipa likawa linasaga kama kinu, na sisimizi juu yake.

Ndipo nikaamua kununua magurudumu. Yale ya kiwandani yalikuwa ya plastiki ngumu, matupu ndani. Kitofali cha kawaida cha pevingi ni sentimita 10 kwa 20, maana yake katika kila mita gurudumu linagonga maungio matano mpaka kumi. Zidisha kwa mita 30, halafu magurudumu mawili. Bibi alikuwa na haki yake.

Jozi ya kwanza niliagiza mtandaoni, shilingi 28,000. Tundu lilikuwa milimita 25, ekseli yangu ni 20, kwa hiyo yalichezacheza kama kiatu cha kuazima. Muuzaji hakupokea tena simu. Jozi ya pili nilikwenda mwenyewe Gerezani, Kariakoo, nikiwa na gurudumu la zamani mkononi. Ndiyo njia pekee ninayoishauri: nenda na gurudumu lako, usiende na picha kwenye simu. Nikapata ya sentimita 20, mpira mgumu juu ya rimu ya plastiki, shilingi 45,000 baada ya kuvutana bei.

Kubadilisha ni kazi ya dakika kumi. Unalaza pipa, unabandua kikofia, unasukuma pini ya ndani kwa bisibisi huku unavuta gurudumu. La pili liligoma kwa kutu (upepo wa bahari huku hausamehe chuma), nikamwita fundi baiskeli wa pale kona.

Ule mlio wa "ka-ka-ka-ka" ulikwisha kabisa. Lakini pipa bado lilikuwa linagongagonga, hasa wakati wa kurudi. Fundi akauliza, "Dada, likijaa linapiga kelele hivi?" Nikafikiri: hapana. Likijaa linatulia, likirudi tupu ndipo linaanza. Akashika ekseli akaitikisa, ikalia ngo, ngo ndani ya mifereji yake ya plastiki. Kumbe chuma chenyewe kilikuwa kimelegea mahali kinapopita, na pipa tupu juu yake ni ngoma. Uzito wa taka ndio uliokuwa unakibana.

Alitoa ekseli, akaisugua kwa msasa, akaizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli pale inapokaa kwenye mifereji, akairudisha kwa kuigonga kidogo. Akaweka washa (kile kipete bapa) kila upande ili gurudumu lisikwaruze ubavu wa pipa. Grisi akapaka kiasi cha ncha ya kidole, ndani ya tundu la gurudumu tu, akafuta iliyotoka nje isije ikakusanya mchanga. Shilingi 3,000, tyubu ikiwemo. Kazi ile ilinyamazisha pipa kuliko nilivyotarajia.

Kifuniko nacho kilikuwa kinapigapiga. Nilikata ndala iliyokatika kamba, nikagundisha vipande vinne chini ya ukingo wake. Bure.

Sasa ni mwezi wa nne tangu niyafunge. Magurudumu nayapa nyota tatu na nusu. Mpira haujapasuka, ila unaacha michirizi myeusi kwenye vigae vya baraza, na pipa limekuwa zito kidogo kwenye kona. Kama ua wako ni wa saruji laini au udongo, usinunue. Anza na tyubu. Kama ni pevingi kama kwetu, utahitaji vyote viwili.

Bibi hajaitaja SGR tena. Jumanne iliyopita alinigongea dirisha saa kumi na moja na nusu kuuliza kama nimesahau kutoa taka. Pipa lilikuwa getini tangu saa kumi na moja.