Kuzamia na mtungi: Mnemba au Misali?

Mgeni akifikia Nungwi au Matemwe, kaskazini mwa Unguja, kisiwa cha Mnemba kiko karibu. Kutoka mjini, daladala namba 116 inakwenda Nungwi, 118 Matemwe. Nauli ndogo, ila begi la mbizi utalipakata mwenyewe. Kama mko wanne, chukueni teksi mgawane. Maji ya Mnemba yanamfaa anayejifunza: matumbawe hayako chini sana, na kasa huonekana. Kero yake ni boti. Msimu wa wageni utadhani uko soko la Darajani mkesha wa sikukuu.

Pemba ni habari nyingine. Misali, kisiwa kidogo magharibi ya Chake Chake, imehifadhiwa tangu 1998, na mkondo wa Pemba una kina kirefu, hivyo kuta za matumbawe zinashuka mpaka kwenye giza. Mimi ningeichagua Misali bila kusita, lakini kwa aliyekwishazoea. Maji yanayovuta si mahali pa kujifunzia.

Tatizo ni kufika. Boti inateremsha Mkoani, na kusi likivuma abiria hutapika. Ndege kutoka Unguja huchukua kama nusu saa tu. Basi nenda kwa ndege, urudi kwa boti. Aliyezamia mara kadhaa anashauriwa asubiri angalau saa 18 kabla ya kuruka, maana gesi ya naitrojeni iliyobaki mwilini hufanya mapovu pale kanieneo ya hewa inapopungua huko angani. Kwa boti huna haja ya kuhesabu saa. Huko Pemba, mwombe mwenye hoteli akutumie gari. Usiku daladala hazipatikani kirahisi.