Fundi wa Kaunda suti pale Mwanga: kola safi, ahadi ndefu

Nilipeleka kitambaa cha kijivu nishonewe Kaunda suti ya kuvaa kwenye posa ya mpwa wangu. Fundi ni mzee wa Kikongo mwenye cherehani ya kukanyaga, kibarazani karibu na soko la Mwanga, hapa Kigoma. Kabla hajanipima akauliza, "Baba, hii kola ya kufunga mpaka juu, ni wewe unaitaka ao kuna mtu amekulazimisha?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kumbe alijifunza ushonaji Kalemie, ng'ambo ya ziwa, enzi za Rais Mobutu. Miaka ya sabini tai ilipigwa marufuku Zaire, yaani Kongo ya leo, na mwanamume wa ofisini akatakiwa kuvaa abakosti, vazi lisilo mbali na Kaunda suti yetu. Jina lenyewe limetokana na maneno ya Kifaransa, yaani suti ya Kizungu ife. Mwaka 1972 na majina ya ubatizo yakafutwa. Mama yake akawa anamwita la kanisani mlango ukishafungwa tu.

Watu walimletea suti zao za harusi azigeuze. Karani mmoja alimwomba aifiche tai yake ndani ya bitana, mgongoni, akawa anakwenda nayo kazini hivyo. Wengine walivaa tu, na chama cha Mobutu kikisema chezeni, walicheza. Na mzee mwenyewe? Abakosti ndizo zilizomnunulia cherehani ya pili, anasema bila kupepesa. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu akaruhusu vyama vingi, na tai ikaruhusiwa. Karani akarudi bitana ifumuliwe. Tai ilikuwa imebadilika rangi kwa jasho, akaivaa hivyohivyo.

Haya, kazi yenyewe. Kola imekaa sawasawa, haibani koo hata ukiwa unameza tonge. Mifuko yote minne imenyooka. Mabega ndiyo nimeyapenda zaidi, maana mafundi wengi hapa mjini hunishonea mabega ya mtu mwingine. Ila vifungo viwili vililegea siku ya kwanza, na aliniahidi Ijumaa nikaipata Jumanne. Posani nilikwenda na shati la kuazima. Ufundi shilingi 45,000, hapunguzi.

Mpelekee wiki mbili kabla. Na kama una haraka, usimgusie habari za Kalemie, maana akianza kusimulia mguu unaacha kukanyaga.