Kitabu cha Kiingereza na Kihispania tulichokisomea Kiswahili

Mimi natembeza wageni kwenye mashamba ya viungo, upande wa Kizimbani, hapa Unguja. Kiingereza nakimudu, Kitaliano ninacho cha kuombea maji, ila Kihispania nilikuwa naishia kwenye "hola". Ndiyo maana nilipokiona kitabu hiki Darajani kwenye vitabu vya mtumba, elfu saba nilizitoa bila kuvutana sana. Ni ile hadithi ya mtoto wa kofia nyekundu anayekutana na mbwa mwitu akienda kumtazama bibi yake. Kushoto Kiingereza, kulia Kihispania.

Nilikinunua kwa ajili yangu. Binti yangu wa darasa la nne akakiwahi, na hapo ndipo nilipopata la kusimulia.

Ukurasa wa kushoto ulimtoa jasho. Ukurasa wa kulia akausoma mbio kama anasoma Kiswahili, na maana yenyewe haijui! Sababu ni nyepesi: a, e, i, o, u za Kihispania ni zetu hizi hizi. Nilimwelekeza mambo matatu tu: h haitamkwi, ñ ni ny, na j ni kh ya "kheri". Hiyo kh mtoto aliyepita chuo cha Kurani haimsumbui. Wageni wangu wengi Waingereza inawashinda.

Kisha akaanza kuwinda maneno. "Mesa" ni meza, "bandera" ni bendera. Hayo tuliachiwa na Mreno, ambaye lugha yake ni ndugu na Kihispania. "Azúcar" ni sukari, kwa sababu utawala wa Waislamu ulidumu Hispania tangu 711 mpaka Granada ilipoanguka 1492, na Kiarabu kikaacha mizizi. Lililonifurahisha mimi ni "hasta", yaani mpaka. Asili yake ni "hatta" ya Kiarabu, ndiyo hata yetu ya ngano za zamani: wakakaa, hata siku moja...

Huu mtindo wa kurasa mbili zinazotazamana wala si mgeni kwetu. Askofu Edward Steere alikusanya ngano hapa Unguja akazichapisha London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja, Kiingereza upande wa pili. Yeye lakini alijali mistari iende sambamba. Waliotengeneza hiki changu hawakujali. Kihispania kinachukua nafasi kubwa zaidi, basi ukifika katikati ya kitabu, kushoto mbwa mwitu ameshajilaza kitandani, kulia bado yuko msituni anapiga soga. Ukitafuta maana ya neno kwa kutazama ng'ambo, unapotea. Orodha ya maneno hakuna. Wala hawasemi kama z isomwe th, kama wasemavyo wageni wengi wa kutoka Hispania, au s kama wa Amerika ya Kusini. Gundi ndiyo usiseme: masika moja tu, kurasa sita zikabanduka, nikazishona kwa uzi.

Kwa mtu mzima anayetaka Kihispania cha kazi, nakipa nyota mbili. Hakuna mgeni atakayeniuliza habari za mbwa mwitu shambani. Nilichohitaji ni karafuu na mdalasini. Kwa nyumba yenye mtoto, nyota nne.

Na kwa nyumba yenye bibi, sijui nihesabuje. Mama yangu husikiliza baada ya isha, mimi natafsiri. Kwanza alikataa mtoto kuingia kwa bibi yake na kuanza kumuuliza ukubwa wa masikio kabla ya shikamoo. Mbwa mwitu akamgeuza zimwi, maana zimwi analijua. Kitabu kinafuata masimulizi ya ndugu Grimm, wale Wajerumani, ya 1812, ambamo mwindaji anapasua tumbo na kuwatoa wote wazima. Ya Mfaransa Perrault ya 1697 yanaishia mtoto kuliwa. Kwa hilo la kupasuliwa mama hakuwa na neno.

Tabu ilikuwa kwenye kikapu. Kwa Grimm, mgonjwa anapelekewa keki na mvinyo. Mimi nikatafsiri sharbati, tukaendelea salama. Usiku wa pili binti akasoma ukurasa wa kulia kwa sauti, akafika kwenye "vino". Mama akaweka ukili wake chini. "Hebu rudia hapo, mjukuu wangu. Mvinyo?"