Antivairasi ya kulipia: kabla hujatoa pesa

Ukinunua laptopu iliyotumika Darajani, hukosi kuulizwa: "Na antivairasi nikutilie?" Ndiyo programu ya kuzuia virusi vya kompyuta. Mwambie muuzaji asubiri. Mtoto wa dada yangu kule Wete alikuwa nayo, tena ya kulipia, na utafiti wake wa chuo ulipotea wiki moja kabla ya kuukabidhi.

Naanza na ile usiyoinunua: Defender, inayokuja ndani ya Windows 10 na 11. Kwa matumizi ya nyumbani inatosha. Shida ni kwamba tunaizima wenyewe. Windows ya wizi huja na kiprogramu cha kuifungua, na sharti lake la mwanzo ni uzime Defender. Hapo umemuondoa mlinzi na mlango ukamfungulia mgeni usiyemjua. Jengine ni bando: ukibana intaneti ili isiliwe, masasisho nayo huchelewa. Fungua Windows Security utazame tarehe ya sasisho la mwisho. Na kama mashine inakubali Windows 11, ipandishe, maana Windows 10 ilifikia kikomo cha huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Pesa yako ipeleke kwenye diski ya nje. Nakili kazi zako, kisha ichomoe. Ikibaki imechomekwa, kirusi kinachofunga mafaili kitaifunga na hiyo. Masasisho nayo usiyapuuze: WannaCry, kirusi cha aina hiyo cha Mei 2017, ilizikumba mashine ambazo hazikutiwa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu, kilichotolewa na Microsoft Machi mwaka huohuo.

Malwarebytes ya bure, programu ya kusaka virusi, iweke ya tatu, ya kukagulia unaposhuku kitu.

Za kulipia, kama Bitdefender na ESET, nampendekezea mwenye steshenari anayechomeka flashi za watu kutwa nzima. Aulize bei ya mwaka wa pili, kwani ya mwanzo mara nyingi ina punguzo. Za bure nazo zichunguze: mwaka 2024 Avast, kampuni yenye antivairasi ya bure, ilitakiwa kulipa dola milioni 16.5 nchini Marekani kwa kuuza taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji wake.

Antivairasi ya kulipia iliyovunjwa kufuli usiichukue hata ukipewa.

Ukiona mafolda ya flashi yamegeuka njia za mkato (shortcut), usikubali iformatiwe, yaani ifutwe yote. Mara nyingi mafaili yamo, yamefichwa tu. Mwambie fundi aoneshe yaliyofichwa, pamoja na ya mfumo. Flashi ya kijana wetu wa Wete iliformatiwa papo hapo, na nakala nyengine hakuwa nayo.