In Search of Memory cha Eric Kandel: kitabu kwa nyumba yenye mzee aliyeanza kusahau

Eric Kandel, mtafiti wa ubongo, alizaliwa Vienna mwaka 1929, akaikimbia Austria ya Wanazi akiwa na umri wa miaka 9, akakulia Brooklyn, na mwaka 2000 akapata Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Arvid Carlsson na Paul Greengard. In Search of Memory, kilichotoka mwaka 2006, kinasimulia maisha yake na utafiti wake kwa pamoja. Nilikiagiza kwa muuzaji vitabu mmoja hapa Mombasa, na ninakipendekeza kwa dhati kwa yeyote anayemtunza mzee aliyeanza kusahau.

Uzuri wake mkubwa umo katika sura za konokono. Mnamo miaka ya 1960, ingawa wenzake walimwonya kwamba anajiharibia kazi, Kandel aliacha kuchunguza ubongo wa mamalia akamgeukia Aplysia, konokono mkubwa wa baharini mwenye seli za neva 20,000 hivi tu, baadhi yake kubwa hata huonekana bila hadubini. Mnyama huyu akiguswa kwenye mrija wake, huvuta ndani yavuyavu lake, yaani kiungo cha kupumulia majini. Akishapigwa shoti ya umeme mkiani, hulivuta kwa nguvu zaidi hata kwa mguso mwepesi. Shoti moja humwachia kumbukumbu ya dakika chache, kwa kuwa viungio vilivyokuwapo baina ya seli hupata nguvu kwa muda tu. Zikirudiwa kwa siku kadhaa, jeni huamka, protini mpya hutengenezwa, na ncha za kuunganishia za seli moja ya hisia huongezeka kutoka 1,300 hivi hadi 2,700 hivi. Kumbukumbu ya kudumu, basi, ni kitu kilichoota mwilini, na sijapata kusoma maelezo ya jambo hili yaliyo wazi kuliko haya.

Sura nyingine ya kusomwa kwa utulivu ni ile inayoeleza kazi ya mwanasaikolojia Brenda Milner kwa mgonjwa aliyeitwa H.M., ambaye baada ya kuondolewa mwaka 1953 sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayojenga kumbukumbu mpya, aliendelea kukumbuka ya utotoni, ila jambo jipya halikumkaa. Alipofundishwa kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo, aliimarika siku hadi siku bila kukumbuka kwamba amewahi kujaribu. Kwetu Kibokoni yuko bibi asomaye Barzanji kwa ghibu bila kukosea, kisha akauliza ni nani aliyemletea kahawa ilhali kikombe kingali mkononi mwake. Wapo wasemao ni utu uzima tu, na wapo wasemao amekumbwa na mashetani. Kwa sura hii nilimweleza mama kwamba ya zamani na mapya hayahifadhiwi kwa njia moja, na tangu hapo hakuna anayemkemea bibi kwa kuuliza tena.

Hata hivyo, anayekinunua kwa ajili ya ugonjwa wa Alzheimer peke yake hatashiba, maana maradhi hayo hayakupewa nafasi kubwa. Utafiti unaowahusu walezi moja kwa moja ulikuja baadaye: mwaka 2013, Kandel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha kwamba usahaulifu wa uzee wa kawaida unahusiana na kupungua kwa protini ya RbAp48 katika sehemu moja ya hipokampasi, tofauti na sehemu ambako Alzheimer huanzia. Panya wazee walipoongezewa protini hiyo, kumbukumbu yao iliimarika. Kitabu chake cha mwaka 2018, The Disordered Mind, kina sura kuhusu upotevu wa kumbukumbu na nyingine kuhusu magonjwa ya Parkinson na Huntington, na mwenye fedha za kitabu kimoja tu, ambaye mzee wake tayari amepimwa na daktari, aanze na hicho.

Kiingereza cha In Search of Memory ni chepesi katika sura za Vienna, ambazo zinaumiza moyo, na kizito katika sura za protini, ingawa aliyesoma bayolojia ya sekondari atazimudu akienda taratibu. Ninakipa nyota 4 kati ya 5.